Mwanya wa meno: hesabu yake haiishi msimu mmoja

RIPOTI YA SOKO: HUDUMA
Na Mwandishi Wetu, Sudi

KILA fedha za korosho zinapoingia mikononi mwa wakulima wa mwambao wa Lindi, wafanyabiashara hujua nini kitafuata. Mabati, magodoro, simu, vitenge na pikipiki huanza kutoka madukani kwa kasi ambayo haionekani miezi mingine ya mwaka. Katika miaka ya karibuni kuna bidhaa mpya iliyojipenyeza katika orodha hiyo, nayo huuzwa kupitia matangazo ya kwenye simu. Bidhaa hiyo ni tabasamu. Kliniki za Dar es Salaam hutangaza kusafisha meno, kuyang'arisha, kuyapanga na kuziba mwanya.

Sudi iko kwenye ghuba kati ya Lindi na Mikindani, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtama. Ni bandari ya kale ambayo wakazi wake leo wanategemea uvuvi, korosho, ufuta na biashara ndogo ndogo. Kwa mkazi wa hapa, tangazo la namna hiyo linazua maswali mawili. La kwanza ni la mteja: je, fedha hizo zitanunua kitu cha kudumu? La pili ni la mwekezaji mdogo: je, kuna soko la huduma hiyo huku kusini?

Ripoti hii inayachambua maswali yote mawili, kwa sababu jibu lake linatoka mahali pamoja. Gharama kubwa ya kuziba mwanya haiko katika siku ya kwanza ya kukaa kwenye kiti cha daktari. Iko katika safari na matengenezo ya miaka inayofuata.

MWANYA SI PENGO

Wauzaji wengi wa huduma hizi huchanganya mambo mawili ambayo Mswahili ameyatenganisha tangu zamani. Mwanya ni nafasi ya asili kati ya meno mawili yaliyo kamili, hasa yale mawili ya mbele juu. Pengo ni nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka au kung'olewa.

Tofauti hiyo ina maana kubwa sokoni. Mwenye pengo amepungukiwa na kitu: anatafuna kwa shida, meno ya jirani huanza kuinamia upande ulio wazi, na jino la upande wa pili hushuka au kupanda kwa kukosa mwenzake. Mwenye mwanya mara nyingi hana ugonjwa wowote. Anachonunua ni sura.

Na katika pwani hii sura hiyo hiyo ina thamani yake. Mwanya huhesabiwa kuwa pambo, pamoja na vishimo vya mashavuni. Wapo wanaotaka kuuziba, na wapo wasiojaliwa wanaotamani kuwa nao, hata wengine wakakubali kuchongwa kwa tupa. Kuchonga meno si jambo geni kusini. Wamakonde wa vizazi vilivyopita walichonga meno yao kwa urembo na utambulisho, kama walivyochanja nyuso na wanawake wao kuvaa ndonya kwenye mdomo wa juu.

Hata ng'ambo, ambako matangazo haya yana asili yake, mwanya haujawa hasara siku zote. Mwanamitindo Lauren Hutton wa Marekani alisaini mkataba na kampuni ya vipodozi ya Revlon mwaka 1973 akiwa na mwanya wake, na akaendelea kuwa nao. Kwake ulikuwa nembo ya biashara.

Kwa hiyo mwekezaji anayedhani kila mwanya ni mteja atakuwa ameanza na hesabu mbovu. Mahitaji makubwa zaidi yako kwenye pengo. Kung'oa jino kumekuwa kwa muda mrefu ndiyo tiba inayotolewa zaidi katika vituo vya meno nchini, kwa kuwa wagonjwa wengi hufika jino likiwa limeshaoza sana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa.

CHANZO KABLA YA BEI

Kabla ya kuulizia bei, mteja anapaswa kujua mwanya wake umetokana na nini. Daktari wa meno atatazama, atapima, na mara nyingi atapiga eksirei.

Kwa mtoto wa miaka 7 hadi 11, mwanya wa meno ya mbele ya juu kwa kawaida ni hatua ya ukuaji. Chonge zinapoota, kwenye miaka 11 au 12, huyasukuma meno ya mbele na mianya mingi hujifunga yenyewe. Mzazi anayelipia kuzibwa kwa mwanya mapema analipia kazi ambayo huenda ingefanyika bure.

Kwa wengine chanzo ni meno madogo kwenye taya kubwa. Wapo ambao kijinyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi kimeshuka hadi katikati ya meno mawili. Wapo waliozaliwa bila meno ya pembeni mwa yale ya mbele, na wapo wenye jino la ziada lililojificha ndani ya mfupa. Tabia ya kusukuma meno kwa ulimi nayo huchangia. Kila chanzo kina tiba yake. Anayeziba nafasi bila kugusa chanzo atarudi tena kulipa.

Hali inayotakiwa kumshtua mtu mzima ni mwanya mpya. Meno yaliyokuwa yamebanana yakianza kuachana ukubwani, hasa pamoja na ufizi kutoka damu na meno kucheza, mara nyingi mfupa unaoyashikilia unaliwa na ugonjwa wa fizi. Uvutaji wa sigara na kutafuna tambuu yenye tumbaku huongeza hatari hiyo. Kuweka urembo juu ya ugonjwa wa namna hii ni kama kupaka rangi nyumba ambayo msingi wake umebomoka. Fizi zitibiwe kwanza.

NJIA ZILIZOPO SOKONI

Njia ya kwanza ni kuongeza ukubwa wa meno kwa kompoziti, yaani utomvu mgumu wenye rangi ya jino ambao hugandishwa kwa mwanga maalumu. Kazi humalizika siku moja, na jino halichongwi au huchongwa kidogo sana. Ndiyo njia nafuu kuanza nayo, na inaweza kuondolewa mteja akibadili mawazo. Udhaifu wake ni kwamba hudumu takriban miaka 5 hadi 7, hubanduka kingo, na hushika rangi ya chai, kahawa na tumbaku.

Ya pili ni vinia, vigamba vyembamba vya poseleni vinavyogandishwa mbele ya jino. Huweza kufika miaka 10 hadi 15 na havishiki rangi kwa urahisi. Lakini mara nyingi daktari hulazimika kuchonga sehemu ya ganda gumu la nje la jino, na ganda hilo halioti tena. Mteja wa vinia ameingia mkataba wa maisha: kigamba kikivunjika au kikichakaa hana budi kuweka kingine. Wanaoshawishiwa kuvaa kofia kamili ya jino kwa ajili ya mwanya tu wanapaswa kuuliza mara mbili, maana hapo jino zima huchongwa kuzunguka pande zote.

Ya tatu ni waya wa meno. Hii ndiyo njia inayosogeza meno yenyewe badala ya kuyafunika. Mwanya mdogo peke yake unaweza kufungwa kwa miezi michache, lakini mpangilio mzima wa meno ukihitaji kurekebishwa kazi hufika mwaka mmoja na nusu au miwili. Mteja lazima amwone daktari kila baada ya wiki kadhaa. Tena mwanya wa mbele una sifa ya kurudi. Kwa hiyo waya ukitolewa, mteja huwekewa kishikizi, mara nyingi kiwaya chembamba nyuma ya meno, ambacho hukaa kwa miaka mingi na huhitaji kukaguliwa.

Ya nne ni magamba ya plastiki angavu yanayovaliwa kwa zamu, kila jozi ikisogeza meno kidogo. Kampuni ya Align Technology ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1997 ndiyo iliyoyapeleka katika soko kubwa. Yanapendwa kwa kuwa hayaonekani, ila yanamtegemea mvaaji: akiyavua mchana kutwa, meno hayasogei.

Kwa mwenye pengo hesabu ni nyingine. Yapo meno bandia ya kuvaa na kuvua, ambayo ni nafuu zaidi. Lipo daraja, linaloshikiliwa na meno ya jirani yaliyochongwa. Na kipo kipandikizi cha titani kinachowekwa ndani ya mfupa, ambacho ni ghali na hudai upasuaji, mfupa wa kutosha na uangalizi.

HESABU YA MIAKA 15

Tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kukokotolea tu, wala si bei ya kliniki yoyote. Msomaji aweke zake mahali pake.

Tuseme kompoziti ni shilingi 150,000 kwa jino, na meno ni mawili. Siku ya kwanza ni shilingi 300,000. Ikirudiwa kila baada ya miaka 5, katika miaka 15 italipiwa mara tatu, yaani shilingi 900,000. Tuseme kila safari ya kutoka Sudi kwenda Dar es Salaam na kurudi, pamoja na malazi na chakula, ni shilingi 150,000. Safari tatu ni shilingi 450,000. Jumla ni shilingi 1,350,000.

Tuseme vinia ni shilingi 600,000 kwa jino. Meno mawili ni shilingi 1,200,000 na safari mbili ni 300,000. Jumla ni shilingi 1,500,000. Tofauti iliyoonekana kuwa mara nne siku ya kwanza imekaribia kutoweka, isipokuwa mwenye vinia amechongwa meno na anasubiri kulipa tena.

Sasa tuseme waya ni shilingi 2,500,000 kwa miezi 18, na mteja anatakiwa kuhudhuria mara moja kila mwezi. Safari 18 ni shilingi 2,700,000. Jumla ni shilingi 5,200,000. Hapo nauli na malazi vimezidi matibabu yenyewe.

Mteja huyo huyo akipata huduma Lindi au Mtwara kwa gharama ya safari ya shilingi 15,000, safari 18 zitakuwa shilingi 270,000 na jumla itashuka hadi shilingi 2,770,000. Katika mfano huu umbali peke yake umechukua karibu nusu ya fedha zote. Bila kuuweka umbali kwenye hesabu, bei iliyomo katika tangazo haimwambii mtu wa Sudi kitu.

MSIMU NA MKATABA

Jambo jingine ambalo matangazo ya mjini hayalisemi ni namna fedha inavyopatikana huku. Mshahara huja kila mwezi, lakini korosho huja mara moja kwa mwaka. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hulipwa baada ya mnada, na mnada una majira yake.

Msimu wa 2018 bado unakumbukwa. Wanunuzi walipotoa bei zilizokataliwa, Serikali iliamua mwezi Novemba kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo kwa wakulima wengi yakachelewa. Oktoba 2024, kinyume chake, minada ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mtu aliyesaini mkataba wa miezi 18 katika mwaka mzuri anaweza kuumaliza katika mwaka mbaya.

Barabara nayo ni sehemu ya hesabu. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, lilimaliza adha ya kivuko. Hata hivyo, Mei 2024 mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam katika eneo la Somanga.

Hasara ya kukatisha matibabu ya waya si fedha peke yake. Waya ulioachwa mdomoni bila kukazwa, kusafishwa wala kukaguliwa hukusanya uchafu, huozesha meno na kuumiza fizi, na wakati mwingine husogeza meno mahali pasipotakiwa. Mtu aliyeanza na mwanya usio na ugonjwa anaweza kuishia na pengo. Kwa sababu hiyo, kukopa mkopo wa riba kali, ule uitwao kausha damu, kwa ajili ya urembo wa meno ni kuweka rehani mara mbili: mali na kinywa.

Bima nayo si kimbilio. Kwa kawaida mifuko ya bima huweka matibabu ya urembo nje ya mafao yake.

RAHISI ILIYO GHALI

Kuna njia za mkato zinazouzwa mitandaoni. Moja ni vijipira vya kufunga meno mawili ya mbele ili yavutane. Bei yake ni ndogo na matokeo yake huonekana haraka. Kijipira hicho huteleza taratibu, kikapanda chini ya ufizi kufuata mzizi wa jino, kikala mfupa bila mvaaji kujua. Madaktari katika nchi mbalimbali wameripoti wagonjwa waliopoteza meno yote mawili kwa njia hiyo.

Nyingine ni magamba ya kuagiza kwa posta bila kumwona daktari ana kwa ana. Hapa wenye hisa nao wana la kujifunza. Kampuni ya SmileDirectClub ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2014, iliuza hisa zake katika soko la Nasdaq Septemba 2019 kwa dola 23 kila moja. Septemba 2023 iliomba kinga ya mufilisi, na Desemba mwaka huo ikafunga milango. Wateja waliokuwa katikati ya matibabu waliachwa bila huduma, huku waliochukua mpango wa kulipa kidogo kidogo wakiambiwa waendelee kulipa. Wenye hisa na wenye meno walipoteza pamoja.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Biashara ya tiba ya meno ina historia fupi nchini. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku huduma za tiba za binafsi za kibiashara, na mlango ulifunguliwa tena kwa marekebisho ya mwaka 1991. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwishoni mwa miaka ya 1970. Wataalamu na kliniki vimejikusanya zaidi mijini, na hasa Dar es Salaam.

Anayetaka kuingia katika soko la kusini asianze kwa kununua kiti cha meno na kukiweka Sudi. Kiti kinahitaji kompresa, umeme wa uhakika, maji safi, mashine ya kutakasa vifaa, eksirei, na juu ya yote daktari anayekubali kukaa. Mteja wa urembo huonekana miezi michache baada ya mnada, lakini kodi na mishahara ni ya miezi 12.

Njia yenye mantiki ni kuanza na mahitaji yaliyopo mwaka mzima, yaani kuziba meno yaliyotoboka, kutibu fizi na kutengeneza meno bandia, katika mji wa Lindi au Mtwara. Urembo uwe nyongeza ya msimu. Daktari bingwa wa kupanga meno anaweza kualikwa kwa zamu, siku chache kila mwezi, ili wateja wa Sudi, Mtama na Mikindani wasifuate huduma zaidi ya kilometa 400. Maabara ndogo ya meno bandia inayohudumia vituo kadhaa nayo inastahili kufanyiwa upembuzi, kwa kuwa pengo halina msimu.

Muuza duka hana haja ya kusubiri hayo yote. Miswaki na dawa ya meno yenye floraidi ni bidhaa ndogo zinazozunguka haraka, na ndizo zinazozuia mapengo ya kesho.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mteja ahakikishe kwamba daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kwamba kituo kina usajili. Fundi wa saluni mwenye tupa si daktari wa meno, awe anaziba mwanya au anauchonga.

Aulize chanzo cha mwanya wake na aonyeshwe kwenye eksirei. Aulize iwapo jino litachongwa, na kwa kiasi gani. Aulize kazi itadumu miaka mingapi, nani ataitengeneza ikiharibika, na kwa bei gani. Kwa waya, apate kwa maandishi idadi ya safari, gharama ya kishikizi, na utaratibu wa kuhamishia matibabu kwa daktari mwingine.

Kisha achukue daftari, aandike bei ya matibabu upande mmoja, na nauli, malazi na siku za kazi zitakazopotea upande wa pili. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Jumla ikizidi kile kinachobaki baada ya ada za shule, pembejeo za shamba na akiba ya mwaka mbaya, mwanya uachwe ulivyo. Pwani hii hakuna atakayemcheka mtu kwa kuwa nao.